Kilo za wavuvi zimelala upande mmoja, sasa wastani wake unapataje umbo la kengele?

mwana_makorora

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaojua takwimu maana ripoti inatakiwa karibuni na mi hapa nimekwama. Niko fildi hapa Tanga mjini, nasoma mambo ya uvuvi, kazi niliyopewa ni kukaa dikoni Sahare asubuhi vyombo vikirudi, naandika kila chombo kimeleta kilo ngapi, samaki gani, wametumia nyavu au mishipi, wametoka saa ngapi. Kazi yenyewe naipenda sana, wavuvi wameshanizoea, nikichelewa wananiuliza we mwandishi ulikuwa wapi.

Sasa shida ni hii. Nimechora histogramu ya kilo na haifanani hata kidogo na zile picha za darasani. Vyombo vingi vinarudi na kilo chache, kumi, nane, vingine tatu za kitoweo tu, halafu mara moja moja kinatokea chombo kimekutana na kundi la vibua kinashusha mzigo mpaka watu wanakimbilia na ndoo. Yani mlima wote uko kushoto na mkia mrefu unaelekea kulia, kengele hapo hamna. Msimamizi wangu kaniambia nisihangaike, nichukue wastani nijumlishe na kutoa 1.96 mara sigma (kipimo cha kilo zinavyotawanyika) gawanya kwa kipeuo cha pili cha n (idadi ya vyombo), eti kwa vile n yangu imezidi 30 basi theoremu ya kikomo cha kati, ile wanaiandika CLT, inanibeba.

Sasa mi hapo ndo sielewi kabisa. Data zangu hazina umbo la kengele, halafu natumia hesabu ya kengele, inakuwaje? Nikiendelea kukusanya mpaka zifike elfu histogramu itajinyoosha yenyewe iwe kengele? Na hiyo 30 imetoka wapi, mbona sio 25 au 50? Na kwa nini tunagawanya kwa kipeuo cha n na sio n yenyewe? Sitaki kukariri jamani, nataka nikiulizwa siku ya kutetea ripoti niweze kujibu kwa maneno yangu.

kijana_wa_barabara_ya_8

Mkuu usijitese, n ikizidi 30 we pita tu, data zinakuwa nomali, yani umbo la kengele, hata vitabu vyote vimeandika hivo. Weka fomula, weka jibu, kabidhi ripoti uende zako.

mwalimu_ngamiani

Kijana wa barabara ya 8 samahani lakini hapo "data zinakuwa nomali" sio kweli na ndo sehemu watu wengi wanapotelea, kwa hiyo wacha nieleze taratibu.

Mwana Makorora, swali lako la kwanza jibu lake ni hapana. Ukikusanya chombo elfu au laki, histogramu ya kilo itabaki vile vile, mlima kushoto mkia kulia, tena mkia ndo utauona vizuri zaidi kuliko sasa. Bahari haibadiliki kwa sababu we umeandika sana. Kinachopata umbo la kengele ni kitu kingine kabisa, ni wastani wa sampuli, na hapo lazima ujiulize wastani unasambaaje wakati we unao mmoja tu kwenye daftari. Ndo hivi: fikiria wenzako wengi wamekaa diko hilo hilo, kila mmoja kachagua kwa bahati nasibu vyombo n vyake, kila mmoja kapiga wastani wake. Wastani hizo zitatofautiana. Ukizichora hizo wastani, sio kilo za chombo kimoja kimoja, hiyo picha ndo usambaaji wa wastani wa sampuli, na theoremu inaongelea picha hiyo tu. We unayo nukta moja kutoka kwenye picha hiyo na hujui iko wapi, ila ukijua upana wa picha unajua nukta yako inaweza kuwa mbali kiasi gani na ukweli.

Sasa chukua kalamu tufanye kwa mkono maana bila kufanya kwa mkono haiingii. Tuseme diko zima lina vyombo vitano tu na kilo zake ni 2, 4, 6, 8 na 30. Jumla 50, wastani 10. Ona kwamba hakuna chombo hata kimoja chenye kilo 10, wanne wako chini ya wastani na mmoja kawavuta wote juu, ni kama data zako kabisa. Sigma: tofauti na wastani ni −8, −6, −4, −2 na 20, miraba yake 64, 36, 16, 4 na 400, jumla 520, gawanya kwa 5 unapata varianzi 104, kipeuo chake 10.2 hivi, ndo sigma.

Sasa chota vyombo viwili, unachota kimoja unakirudisha unachota tena, kuna njia 25. Andika wastani wa kila njia. Utapata 2 mara moja, 3 mara mbili, 4 mara tatu, 5 mara nne, 6 mara tatu, 7 mara mbili, 8 mara moja. Halafu pengo, hamna kitu mpaka 16, 17, 18 na 19, kila moja mara mbili. Halafu pengo tena mpaka 30 mara moja. Hesabu: 16 na 8 na 1, ndo 25. Wastani wa hizo wastani zote ni 250 gawanya kwa 25, ni 10, sawasawa na wa diko. Varianzi yake ukiipiga inatoka 52, nusu kamili ya 104, jaribu mwenyewe.

Angalia vizuri pale kushoto, 1, 2, 3, 4, 3, 2, 1. Kilo zenyewe 2, 4, 6, 8 zilikuwa bapa, kila moja mara moja, lakini wastani wake umeshaanza kuinuka katikati na kushuka pembeni, kwa kuchota viwili tu! Sababu ni kuhesabu njia, hakuna uchawi. Ili upate 2 lazima vyote viwili viwe 2, njia moja. Ili upate 5 una 2 na 8, 8 na 2, 4 na 6, 6 na 4. Katikati kuna njia nyingi, pembeni njia chache. Basi roho ya theoremu yote iko hapo.

Ila picha nzima ya n = 2 bado sio kengele, ina vilima vitatu, kile cha wasiochota 30 hata mara moja, cha waliochota mara moja na cha waliochota mara mbili. Ukienda n = 5 kupata wastani wa 30 ni njia moja kati ya 3,125. n = 10, njia moja kati ya 9,765,625. Kwenye n = 30 chombo kile kikubwa kitatokea kwa wastani mara 6, mara nyingi kati ya mara 4 na 8, na kila kikiongezeka mara moja wastani unapanda kwa robo tatu ya kilo na kidogo, kwa hiyo vile vilima sasa viko vingi na vimesogeleana mpaka vinaungana karibu vyote. Hapo ukichora utaona kengele, bado imeinama kidogo kulia lakini kengele.

Na kipeuo cha n kinatoka hapa. Vitu vikiwa huru, kila kimoja hakimjui mwenzake, varianzi zake zinajumlishwa. Jumla ya vyombo n ina varianzi n mara sigma mraba. Wastani ni hiyo jumla gawanya kwa n, na ukigawanya kitu kwa n varianzi yake inagawanyika kwa n mraba. Inabaki sigma mraba gawanya kwa n, kipeuo chake ni sigma gawanya kwa kipeuo cha n. Kwenye diko letu la mfano n = 30 inatoa 10.2 gawanya kwa 5.48, ni 1.86. Mara 1.96 ni 3.65. Kwa hiyo kati ya wale wenzako, kama 95 kati ya 100 watapata wastani kati ya 6.35 na 13.65. Ukitaka upana huo uwe nusu huongezi vyombo mara mbili, unaongeza mara nne, vyombo 120. Hiyo inauma mfukoni lakini ndo ilivyo.

kijana_wa_barabara_ya_8

Mwalimu nimekuelewa kwenye njia 25, hiyo nimeifanya na kweli inatoka. Lakini 30 bado naitetea, mbona kila kitabu kinaiweka? Hawajaiota tu.

mwalimu_ngamiani

Haijaotwa, ila haina nguvu ya sheria. Angalia mambo mawili. La kwanza jedwali la t, lile la namba za kuweka badala ya 1.96 sampuli ikiwa ndogo. William Gosset, yule aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin na akachapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, alionyesha kwamba ukikadiria sigma kutoka kwenye sampuli ndogo hiyo hiyo, 1.96 inakudanganya, inabidi uweke namba kubwa zaidi. Ukiwa na watu 5 unatumia 2.776. Ukiwa na 10 ni 2.262. Ukiwa na 30 ni 2.045, imeshakaribia 1.96, ndo maana hapo watu wengi wanaona sasa yatosha.

La pili, na hili kwa data za samaki ndo kubwa, ni mwinamo, yani data zimelalia upande mmoja kiasi gani. Kipimo cha mwinamo wa wastani kinapungua kwa kipeuo cha n. Mfano wetu wa vyombo vitano una mwinamo wa 1.36 hivi, gawanya kwa 5.48 inabaki 0.25, unaweza kuishi nao. Ila data zenye mkia mkali kweli, mwinamo 6 au 8, kwenye n = 30 unabaki na zaidi ya 1, hiyo bado imelala vibaya na ule upande wa kulia fomula yako itakosea. Na data zisizoinama kabisa, mfano dadu, wastani wa dadu 5 tu unakaribia kengele vizuri sana, 30 huihitaji. Kwa hiyo swali sio n imefika 30, swali ni data zimeinama kiasi gani.

Mwana Makorora kama una kompyuta fanya hivi: chukua kilo zako zote, iambie ichote n kati ya hizo kwa kurudisha, ipige wastani, irudie mara elfu kumi, uchore. Ukiona kengele, tulia. Ukiona bado kuna mkia, usitumie 1.96 kavu kavu.

mwana_makorora

Mwalimu Mungu akubariki, njia 25 nimezipiga zote kwenye daftari la samaki, ile 1 2 3 4 3 2 1 imenikaa kabisa. Nimeona pia kwa nini nilichanganya, nilikuwa naona histogramu moja wakati ziko mbili, ya kilo na ya wastani.

Sasa naongeza swali. Data zangu nyingi zimetoka kwenye asubuhi chache nzuri, unakuta asubuhi moja vyombo arobaini vimeingia, vingi vya taa vimetoka kuvua usiku. Nikichukua hiyo asubuhi moja peke yake tayari nimepita 30, naweza kusema wastani wa Sahare ni huu, jumlisha toa hii?

mzee_wa_deep_sea

Salaam aleikum wanangu. Mie hizo sigma sizijui ila bahari ya hapa naijua, nimevua tangu sina ndevu na baadaye nikakaa Deep Sea kwenye mnada, kwa hiyo hapa kwenye vyombo arobaini wacha niseme maana naona mnataka kuharibu.

Mwanangu, vyombo arobaini vya usiku mmoja sio vyombo arobaini. Vyote vimetokea kwenye bahari moja, mwezi mmoja, upepo mmoja. Kwenye giza taa inawaka samaki wanaifuata, dagaa na vibua wanapanda juu, usiku wa namna hiyo hata asiyejua anarudi na kitu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, samaki wanatawanyika, na wengi wa taa hawatoki kabisa wanakaa wanashona nyavu. Sasa ukiandika usiku wa giza tu unasema Sahare ina samaki wengi, ukija mwenzako siku ya kumi na nne anasema njaa. Wote mmeandika kweli na wote hamjasema kweli.

Halafu tena wavuvi wanaangaliana. Mmoja akipiga simu kwamba huku kuna mzigo, nusu saa utaona taa zote zimehamia kule. Wakipata wanapata pamoja wakikosa wanakosa pamoja. Wa mishipi kidogo wako tofauti, kila nahodha ana mwamba wake na hamwambii mtu, huyu unaweza kumkuta na changu wawili na mwenzake kajaza tasi. Na maji pia, bamvua na maji mafu sio sawa kwa wenye mitego na kwa wanaotembea miambani wakitafuta pweza. Kusi likivuma ndo kabisa, chombo kidogo hakiendi mbali.

Na jambo lingine hili usilisahau. Aliyerudi mikono mitupu hapiti mbele yako. Anaegesha pembeni kule anabeba makasia anakwenda nyumbani kulala. Wewe umekaa pale panaposhushwa samaki, basi unaandika waliopata.

mwana_makorora

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho limenishtua, ni kweli kabisa wapo wanaoegesha kule kwenye mikoko na sijawahi kuwaandika.

bi_takwimu_chumbageni

Mzee wetu shikamoo, umesema kwa maneno yako kitu ambacho darasani kinachukua wiki mbili. Mdogo wangu Makorora, hapo kuna matatizo mawili na hayafanani, usiyachanganye.

La kwanza ni la vyombo kutokuwa huru. Rudi pale mwalimu alipoandika "vitu vikiwa huru". Neno huru ndo limebeba fomula yote, umbo la data halikuwahi kuwa sharti kubwa, uhuru ndo sharti kubwa. Vyombo vikivutana varianzi hazijumlishwi tu, kuna cha ziada juu yake. Tuseme vyombo viwili vya usiku mmoja vina uhusiano wa 0.2 (0 ni huru kabisa, 1 ni vinafuatana kabisa), nasema mfano, wako utaupiga kwenye data. Varianzi ya wastani wa vyombo m vya usiku huo inakuwa sigma mraba gawanya kwa m, halafu mara 1 jumlisha (m − 1) mara 0.2. Weka m = 40: 39 mara 0.2 ni 7.8, jumlisha 1 ni 8.8. Yani varianzi imekuwa mara 8.8 ya ile uliyodhani. 40 gawanya kwa 8.8 ni 4.5. Vyombo vyako arobaini vina habari ya vyombo vinne na nusu vilivyo huru! Umesafiri na 40 kwenye fomula wakati una 4 na nusu, upana wako utatoka kama theluthi ya unaostahili na utajiamini bure.

Na kuna baya zaidi. Hata vyombo vikiwa elfu, hata milioni, kwa usiku ule mmoja varianzi haishuki chini ya 0.2 mara sigma mraba. Kwa sigma ya 10.2 ina maana kosa la wastani halishuki chini ya 4.6 kilo. Umefika sakafuni, kuandika vyombo zaidi vya usiku ule ule ni kuchosha mkono. Kinachopunguza kosa ni usiku mwingine, na mwingine, na mwingine.

Kwa hiyo kwenye ripoti yako usiku ndo uwe kizio. Piga wastani wa kila usiku, halafu hizo wastani za usiku ndo data zako, n ni idadi ya usiku. Utaona imepungua sana na moyo utakuuma lakini hiyo ndo n ya kweli. Halafu gawa mwezi mafungu, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, chagua kwa kura kutoka kila fungu, kila fungu lipewe uzito kwa idadi ya siku zake. Taa na mishipi pia tenganisha, mzee kakueleza hawa hawavui kwa namna moja na ukiwachanganya unapata wastani usiomhusu yeyote. Asubuhi yenye vyombo vingi usiandike vyote, andika vichache ulivyochagua kwa kura, nguvu uliyobakiza itumie kwenda siku nyingine ambayo hukupanga kwenda.

Tatizo la pili ni wale wa mikoko. Hilo theoremu hailigusi hata kidogo. Theoremu inasema wastani wa sampuli utakusanyika kuzunguka wastani wa kile unachochota. Kama unachota kwa waliopata tu, utakusanyika vizuri sana, kwa kengele nzuri kabisa, kuzunguka namba isiyo sahihi. Ukiongeza n unazidi kuing'ang'ania namba mbovu. Hapo dawa ni miguu: hesabu vyombo vilivyotoka jioni, hesabu vilivyorudi, na waliorudi bila kitu waandike sifuri. Sifuri ni data.

kijana_wa_barabara_ya_8

Bi Takwimu hiyo ya 4.5 imenigusa, sikuwahi kuambiwa. Sasa swali langu, hivi hii theoremu kuna mahali inakataa kabisa? Yani sio kuchelewa, kukataa.

mwalimu_ngamiani

Ipo. Kuna usambaaji unaitwa wa Cauchy, mkia wake mnene kiasi kwamba wastani wenyewe haupo, sigma haipo. Ukichukua wastani wa vitu milioni vya aina hiyo, unasambaa sawasawa na kitu kimoja, haujabana hata unywele. Kwa hiyo theoremu inadai varianzi iwe na kikomo. Kwenye samaki huna shida hiyo, chombo kina ukubwa wake na hakiwezi kushusha kilo zisizo na mwisho, basi kikomo kipo, shida yako inabaki kuchelewa tu.

Na kwa wanaopenda kujua, hii kitu haikushuka siku moja. Abraham de Moivre mwaka 1733 aliiona kwenye kurusha sarafu tu. Laplace akaipanua mwaka 1810 ikawa ya makosa ya vipimo kwa ujumla. Uthibitisho madhubuti wenye masharti mapana ukaja na Aleksandr Lyapunov wa Urusi mwaka 1901, halafu Jarl Lindeberg wa Ufini mwaka 1922 akaonyesha kwa sharti jepesi zaidi kwamba vitu havihitaji hata kuwa na usambaaji unaofanana, ilimradi hakuna kimoja kinachotawala jumla peke yake. Hiyo ya Lindeberg Makorora iweke kichwani, ukiwa na usiku mmoja ambao peke yake umebeba nusu ya samaki wa mwezi mzima, hapo ndo uanze kuogopa kengele.

mwana_makorora

Nimeamua naongea na msimamizi kesho niombe kuongezewa siku, nataka niende na usiku wa mbalamwezi pia maana kweli nilikuwa naziruka nikijua hakuna cha kuandika. Na wale wa mikoko nimeshaongea na kijana mmoja wa pale atanisaidia kuhesabu vyombo jioni. Mzee nikikwama kwenye miezi nitakutafuta Deep Sea.

Swali la mwisho kwa Bi Takwimu. Nikifanya hivyo huenda nikaishia na usiku kama 12 tu. Sasa si niko chini ya 30, nitumie nini?

bi_takwimu_chumbageni

Tumia t ya digrii 11 (digrii za uhuru, yani 12 toa 1), ambayo ni 2.201 badala ya 1.96, na sigma uipige kutoka kwenye hizo wastani 12 za usiku, ukigawanya jumla ya miraba kwa 11 sio 12. Ukigawa giza na mbalamwezi basi piga varianzi ya wastani wa kila fungu peke yake kwanza, zidisha kila moja kwa mraba wa uzito wake, ndo ujumlishe, digrii nazo zitapungua, ukiwa na sita na sita zitabaki 10 kama varianzi za mafungu zinakaribiana, na t yake ni 2.228.

Na kumbuka wastani wa usiku tayari ni wastani, mwinamo wake utakuwa umepungua kiasi kuliko kilo za chombo kimoja, ila kwa vile vyombo vinafuatana hautapungua kama unavyotamani. Zichore hizo 12 kwa nukta tu kwenye mstari mmoja uziangalie kwa macho. Kama kuna usiku mmoja umekaa mbali peke yake, utaje kwenye ripoti kwa tarehe yake, sema mwezi ulikuwaje na upepo ulikuwaje, na upige hesabu ukiwa nao na usipokuwa nao, zote mbili uziandike.

mzee_wa_deep_sea

Njoo alasiri mwanangu, asubuhi mnadani hatusikilizani. Kuna kalenda ya mwezi ukutani tutaiangalia pamoja.